Mwishwa Si "Aina ya Mmea"

Upo ugonjwa mmoja katika ufundishaji wetu wa Kiswahili ambao umekaa nasi muda mrefu hata tumeuzoea na kuudhania kuwa ni afya. Jina lake ni maneno mawili tu: "aina ya". Mwanafunzi akiuliza mkweme ni nini, huambiwa kuwa ni aina ya mmea utambaao. Akiuliza mbungo, huambiwa kuwa ni aina ya mmea utambaao. Akiuliza mtoria, jibu ni lile lile. Kengele inapolia mwanafunzi ameandika daftarini maneno matatu yenye maana moja, na akipelekwa porini hawezi kuonyesha hata mmoja katika mimea hiyo mitatu. Mwalimu naye ameridhika, kwa kuwa msamiati umefundishwa na mtihani utajibiwa.

Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo. Tutaipinga kwa mfano wa mmea mmoja unaokua karibu na madarasa yetu wenyewe, ambao kila mtoto wa Gasenyi amekwisha kuuona, na ambao hata hivyo hupoteza jina lake mara tu mtoto huyo anapoanza kuzungumza Kiswahili. Mmea huo kwa Kirundi huitwa umwishwa. Hoja yetu ni kwamba umwishwa una haki ya kuingia katika Kiswahili chetu ukiwa na jina lake, sura yake na matumizi yake. Na kwamba mwalimu wa Kiswahili katika Burundi anayeuacha nje ya somo lake kwa kisingizio kwamba "si Kiswahili" anaidhulumu lugha anayodai kuilinda.

Mmea wenyewe

Gasenyi iko kaskazini mwa jiji la Bujumbura, pale uwanda wa Imbo unapokoma na nchi inapoanza kuinuka kuelekea vilima vya Mirwa. Jina lenyewe linakumbusha neno la Kirundi umusenyi, yaani mchanga. Ni mahali ambapo mji na pori vinakabiliana uso kwa uso. Mwaka 2019 Ikulu mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilikabidhiwa huko, na nyumba za raia nazo zimezidi kupanda. Katikati ya nyumba na nyumba, kandokando ya makorongo, katika viunga vilivyolala na juu ya nyua za mnyaa, bado unaweza kuukuta umwishwa.

Tuutazame kama inavyompasa mtu anayetaka kuutambua. Ni mmea wa kudumu, wala si wa msimu mmoja. Shina lake ni jembamba, nalo hurefuka mita kadhaa likikamata matawi ya miti mingine kwa vikono vyembamba vinavyojisokota kama waya. Jani ni zima, halikuchanika. Lina umbo la moyo na kingo zenye meno madogo. Jani hilo ukilifikicha kati ya vidole viwili, hutoa harufu kali isiyopendeza. Harufu hii ndiyo alama ya kwanza ya kuukumbuka mmea huu, na ndiyo iliyowapa wanasayansi jina lake, Momordica foetida, lililotolewa na Mdenmark Schumacher mwaka 1827. Neno la pili katika jina hilo la Kilatini lina maana ya kunuka. La kwanza linatokana na kuuma, kwa kuwa mbegu za jamii hii huonekana kama zilizong'atwa pembeni.

Ua lake lina petali za rangi ya maziwa au manjano hafifu, na kitovu kilichokolea rangi. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mmea mmoja hutoa maua ya kiume tu, na mwingine maua ya kike tu, kama ilivyo kwa mpapai. Kwa hiyo mtu anaweza kuutazama umwishwa wa uani kwake miaka nenda miaka rudi asione tunda, akaamua kwamba si umwishwa, kumbe ni dume. Jike likizaa, tunda huwa la mviringo mrefu, halizidi sana urefu wa kidole, nalo limefunikwa miiba laini isiyochoma. Likiiva hugeuka rangi ya chungwa, kisha hupasuka vipande vitatu vinavyojikunja nyuma, na mbegu huonekana zikiwa zimevikwa nyama nyekundu sana. Ndege huziona kwa mbali.

Sasa tuuweke pembeni ya ndugu yake. Karela tunayoinunua sokoni, ambayo wanasayansi huiita Momordica charantia, ni ya ukoo huo huo wa matango na maboga. Lakini jani la karela limechanika vidole vitano hadi saba. Ua lake ni la manjano. Shina moja hutoa maua ya kiume na ya kike pamoja. Na tunda lake lina vinundu badala ya miiba. Mtu aliyezishika alama hizi nne hawezi kuichanganya mimea hii miwili. Aliyefundishwa "aina ya mmea utambaao" ataichanganya, na ataichanganya pia na upupu, ambao vinyweleo vya maganda yake vitamfundisha tofauti kwa njia ya maumivu. Tena atakapouvuta umwishwa kutoka juu ya ua akaona utomvu mweupe mkononi, atasema mmea huu una maziwa. Maziwa hayo ni ya mnyaa, nayo ni hatari kwa macho; umwishwa wenyewe hutoa maji tu.

Kutambaa, kuzonga na kukwea

Kuna kosa jingine ndani ya maneno "mmea utambaao", nalo ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la elimu ya mimea. Kiswahili ni tajiri wa vitenzi vya mwendo, nasi tunautupa utajiri huo ovyo. Kutambaa ni kwenda tumbo chini, kama mtoto mchanga au nyoka. Mmea unaotambaa ni kiazi kitamu, ambacho mshipi wake hulala juu ya ardhi na kutia mizizi kila unapogusa udongo. Kiazi kikuu hakitambai; shina lake lenyewe hujiviringisha katika mti, kwa hiyo huzonga. Upupu nao huzonga. Umwishwa hautambai wala hauzongi. Unakwea, tena unakwea kwa vikono vilivyoota kwenye shina.

Vitenzi hivi vitatu vinatosha kuigawa mimea yote ya namna hii katika makundi matatu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuyaona kwa macho. Hatuhitaji istilahi mpya kutoka ng'ambo. Tunahitaji tu kuyatumia maneno tuliyo nayo kwa maana zake. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba mimea yote mitatu "inatambaa" amewafundisha kwamba maneno hayana mipaka. Kisha mwalimu huyo huyo huja akalalamika kwamba insha zao ni chapwa.

Matumizi, na mpaka wa matumizi

Yapo matumizi ya umwishwa yanayoonyesha kwamba mmea huu haukuwa gugu machoni pa wazee. Katika ndoa ya kimila ya Rwanda, ambako neno huandikwa umwishywa, bwana arusi alimvika bibi arusi taji lililosukwa kwa mmea huu. Kuvikwa huko hakukuwa pambo. Kulikuwa ndiko kufunga ndoa. Mmea usiopandwa na mtu, wenye harufu ya kumkimbiza mtu, ndio uliochaguliwa kushuhudia agano kubwa kuliko yote ya ukoo. Mwanafunzi asiyeujua mmea wenyewe hawezi kuelewa jambo hili. Atalisoma kama hadithi ya watu wa mbali, ilhali taji hilo linaota nyuma ya nyumba yao.

Katika tiba ya asili, umwishwa unajulikana katika nchi zote za Maziwa Makuu. Waganda huuita bbombo, nao huutumia kwa homa na maradhi mengine. Majani yake hutumika kwa homa, kwa maradhi ya ngozi na kwa matatizo ya tumbo katika Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Sayansi ya maabara nayo haikuupuuza. Watafiti wa Uganda walieleza mwaka 2005 kwamba dondoo la mmea huu lilionyesha nguvu dhidi ya vimelea vya malaria katika majaribio yao. Katika miaka ya 1970 ilikwisha kutolewa kutoka katika mmea huu kemikali iliyoitwa foetidini, ikaonekana kwamba inashusha sukari katika damu ya panya.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakali, wala tusiwe wakali kwa upande mmoja tu. Kama wako walimu wanaoudharau umwishwa kwa kuuita gugu, wako pia mashabiki wanaoutukuza kwa kuuita dawa ya kila kitu. Foetidini ilishusha sukari katika panya wazima walionyimwa chakula. Katika panya wenye kisukari haikuonyesha nafuu ya maana. Habari nusu ya jaribio hili ikifika sokoni, mgonjwa wa kisukari anaweza kuacha vidonge vyake akanywa majani. Nguvu dhidi ya vimelea katika chupa ya maabara nayo si sawa na tiba ya mtoto mwenye homa kali usiku. Karela, ndugu yake umwishwa, wataalamu huwaonya wanawake wajawazito wasiitumie kama dawa. Elimu ya jadi yenyewe haikuwa holela: mganga aliujua mmea, akaijua sehemu ya kuchuma, akamjua mgonjwa. Anayeliokota jina la mmea bila kuujua mmea, akaliuza pamoja na ahadi, hakurithi elimu hiyo. Ameirithi sauti yake tu.

Kwa hiyo suala la kuutambua mmea kwa usahihi si anasa ya wataalamu. Mtu anayeuziwa fungu la majani makavu na kuambiwa "ni ule mmea utambaao" hana njia ya kujua alichouziwa. Lugha yenye ulegevu ni rafiki wa mlaghai, na shule inayofundisha ulegevu huo inampa mlaghai wateja.

"Hilo si Kiswahili"

Tuje sasa kwa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza, ambayo husemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba umwishwa ni neno la Kirundi, kwa hiyo halina nafasi katika somo la Kiswahili.

Ndugu walimu, tuulize: karela ni neno la wapi? Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, likateremka bandarini, likapokewa, na leo hakuna anayelidai hati ya kusafiria. Mwarobaini ni mti uliotoka huko huko Asia. Kiswahili kiliupokea kwa mikono miwili, kikautungia jina kwa kuhesabu maradhi arobaini. Basi mti wa ugenini hupewa jina na heshima, na tunda la ugenini huja na jina lake na kukaribishwa. Ila mmea wa pori letu, wenye jina la lugha ya Kibantu iliyo jirani na ndugu wa Kiswahili, huzuiwa mlangoni. Huu si ulinzi wa lugha. Ni kasumba ile ile ya kudhani kwamba kitu kinapata thamani kikipitia baharini.

Hata hivyo historia ya Kiswahili chenyewe inawakana wanaosema hivyo. Chukueni neno mpira. Leo mtoto akilisikia hufikiri uwanja na magoli. Lakini mpira ni jina la mmea pia, mmea wa porini ukweao miti ya mwambao, wenye utomvu unaoganda. Mmoja wao wanasayansi waliuita Landolphia kirkii, kwa kumbukumbu ya John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza katika Zanzibar. Watu wa pori waliujua mmea, wakaujua utomvu wake, na jina likasafiri na bidhaa hadi likafunika kila kitu kinachodunda. Jamaa wa mmea huo katika Kongo, katika enzi ya dola ya Mfalme Leopold II, tangu 1885 hadi 1908, walikuwa sababu ya mateso yasiyosahaulika ya wanakijiji waliolazimishwa kuleta utomvu kwa vipimo. Historia yote hii imo ndani ya neno la silabi tatu, na sisi tunaipita kwa kuandika ubaoni: "mpira, kitu cha mviringo cha kuchezea".

Au chukueni mkweme, ambao ni wa ukoo mmoja na umwishwa. Nao hukwea miti, nao una dume na jike. Mbegu zake, kweme, zina mafuta mengi na huliwa. Wachaga waliwapa wanawake waliojifungua ili maziwa yawe mengi. Nani leo anaona haya kuliita neno kweme Kiswahili? Hakuna. Lugha ilipofika palipo na mmea, ililipokea jina pamoja na mmea. Ndivyo ilivyofanya Tanga, ndivyo ilivyofanya Kilimanjaro. Kwa nini ikatazwe kufanya hivyo Bujumbura? Kiswahili hakikuja Burundi jana. Kilikuja na njia za biashara za Ziwa Tanganyika, kikakaa Rumonge, kikakaa Buyenzi, kikazaa watoto. Lugha iliyozaa watoto mahali haiwezi kuitwa mgeni asiyejua majina ya mimea ya uani.

Namna ya kulipokea neno

Wengine watasema: tukubali, lakini neno hilo litaleta mkanganyo, kwa kuwa katika Kirundi umwishwa ni pia mtoto wa dada. Pingamizi hili ni la kweli na linastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna somo zima la sarufi.

Ni kweli kwamba katika maandishi ya kawaida, yasiyoonyesha toni, maneno haya mawili ya Kirundi huandikwa sawasawa katika umoja. Mwanafunzi mzembe anaweza kutafsiri habari ya taji la umwishwa akamvika bibi arusi mtoto wa dada kichwani. Lakini Kirundi chenyewe kina dawa. Watoto wa dada ni abishwa, kwa kuwa ni watu. Mimea ni imyishwa, kwa kuwa iko katika ngeli ya miti. Wingi hutenganisha kile ambacho umoja umekiunganisha, na upatanisho wa kisarufi hufanya vivyo hivyo.

Kiswahili kina bahati kubwa zaidi. Kwa maana ya mtoto wa dada tunalo tayari neno mpwa, ambalo kwa asili ni ndugu ya hilo la Kirundi. Basi neno la mmea linabaki huru. Tukiondoa irabu ya mwanzo, kama Kiswahili kinavyofanya siku zote kwa maneno ya namna hii, tunapata mwishwa, wingi miishwa, katika ngeli ile ile ya mwiba na miiba, mwiko na miiko. Mpwa anakwea ukuta. Mwishwa unakwea ukuta. Mwanafunzi aliyeielewa sentensi hiyo moja ameelewa upatanisho wa ngeli mbili kuliko aliyekariri jedwali zima. Na mwalimu atakayesema kwamba lipo neno wishwa, lenye maana ya makapi ya nafaka, atajibiwa kwamba neno hilo halina m ya mwanzo, na kwamba lugha yenye ua la bustanini na ua la nyumba haiogopi majirani wanaofanana.

Kamusi na wajibu wetu

Hoja yao ya pili ni kwamba mwalimu wa lugha si mtaalamu wa mimea, na kwamba kama kamusi imesema "aina ya mmea", yeye ni nani hata aseme zaidi?

Tuseme kweli juu ya kamusi. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939, alikuwa mkusanyaji wa mimea, na alipoandika jina la mti alijitahidi kuandika na jina lake la kisayansi. Greenway alichapa orodha yake ya majina ya mimea ya Kiswahili huko Amani mwaka 1937. Mwaka 1995 Heine na Legère walitoa kitabu kizima juu ya mimea ya Waswahili. Kamusi zetu za Kiswahili kwa Kiswahili, ile ya 1981 ikiwa mama yao, zilifanya kazi kubwa ambayo hatuna budi kuishukuru. Lakini juu ya mimea mara nyingi zilichagua njia fupi. Matokeo yake ni aibu. Mgeni anayetaka kujua mti wa Kiswahili ni mti gani hufungua kitabu cha Kifaransa au Kiingereza akapata. Mwenye lugha hufungua kamusi ya lugha yake akaambiwa ni mti.

Lakini kosa la kamusi halimwondolei mwalimu wajibu. Kueleza kitu kwa maneno mpaka asiyekiona akitambue ni kazi ya lugha. Ni kazi yetu, wala si ya mtu mwingine. Hatuhitaji darubini. Tunahitaji maswali sita, ambayo mwanafunzi ayajibu kwa kutazama na kwa kuwauliza wazee wake kwa Kirundi, kisha aandike kwa Kiswahili: Mmea huu unapenda kukaa wapi? Unasimama, unatambaa, unazonga au unakwea? Jani lake lina umbo gani, na likifikichwa lina harufu gani? Ua na tunda vikoje? Ukikatwa hutoa nini? Ni nani anayeutumia, na kwa jambo gani? Hatukuweka swali la saba la kuuonja, na mwalimu asiliweke. Kutazama na kunusa kunatosha.

Maswali hayo yakijibiwa kwa uaminifu, darasa lenyewe linaweza kuandika maelezo ambayo kamusi yoyote isingeyaonea haya. Kwa mfano:

mwishwa (mi-) [u-/i-]: mmea wa porini na vichakani wa jamii ya matango, ukweao kwa vikono, una jani zima lenye umbo la moyo na harufu kali likifikichwa, ua la rangi ya maziwa au manjano hafifu, na tunda la rangi ya chungwa lenye miiba laini ambalo hupasuka vipande vitatu na kuonyesha nyama nyekundu. Kirundi: umwishwa. Kisayansi: Momordica foetida.

Maelezo hayo hayafiki hata maneno sitini. Je, yamechukua nafasi kubwa mno? Hayo ndiyo tofauti kati ya kumpa mwanafunzi mmea na kumpa kivuli cha mmea.

Kinachopotea

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimezidi kuwa lugha ya safari, ya biashara na ya kazi kwa vijana wetu. Hilo ni jema. Lakini lugha inayopanuka juu ya nchi bila kuyaokota majina ya nchi hiyo inageuka kuwa jembe la kung'olea. Kijana wa Gasenyi anayekwenda Kigoma au Uvira atazungumza Kiswahili cha soko na cha gari. Akiulizwa nyumbani kwao kunaota nini, atasema "mimea tu". Bibi yake aliijua kwa jina mmoja mmoja, na kwa harufu, na kwa msimu. Kati ya bibi na mjukuu hakukutokea vita vya lugha. Alitokea mwalimu aliyesema "aina ya mmea", akafuta ubao.

Kiunga kikijengwa, mmea hukimbilia kiunga kingine. Mbegu zake hubebwa na ndege. Neno halina ndege wa kulibeba. Likikosa kutamkwa kwa kizazi kimoja, kizazi cha pili hakilitafuti, kwa kuwa hakijui kwamba kuna kitu cha kutafuta. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuahirishwa mpaka baraza fulani likutane au kamusi mpya ichapwe. Inaanza katika daftari la darasa, katika kata moja, kwa mmea mmoja.

Tunapendekeza basi mambo matatu kwa wanachama wote. Kwanza, maneno "aina ya mmea" na "aina ya mti" yasikubaliwe tena kuwa jibu kamili katika daftari wala katika mtihani tunaoutunga wenyewe. Pili, kila shule ianze orodha yake ya mimea ya jirani, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kwa kufuata maswali yale sita. Na pale penye jina la Kirundi ambalo Kiswahili hakina mbadala wake wa kweli, jina hilo lipokewe kwa sarufi ya Kiswahili bila kuomba radhi. Tatu, orodha hizo ziletwe kwa chama, zipimwe na wanaojua mimea, ili siku kamusi mpya itakapotungwa, watungaji wasiweze kusema kwamba hawakupata maneno.

Tukishindwa hata kuupa jina lake mmea unaokwea juu ya ua wetu wenyewe, hatutakuwa na uso wa kuwaambia vijana kwamba Kiswahili ni lugha yao.